Barua ya wazi kwa viongozi wa Nakuru: kagueni nondo kabla zege halijamwagwa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru, Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi, Maafisa wa Ardhi na Mipango ya Miji, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu kazi ya saa moja. Ni ile saa kati ya fundi wa nondo kumaliza kufunga vyuma vya nguzo na wilbaro za zege kuanza kuingia. Ikishapita, hakuna atakayeona tena kilichomo ndani ya nguzo ile mpaka siku itakapovunjika. Katika mji uliokaa juu ya majivu ya volkano, kandokando ya mipasuko ya Bonde la Ufa, saa hiyo ndiyo inayoamua ni watu wangapi watatoka nje wakiwa hai ardhi ikitikisika. Leo karibu kila mjengo unaipita bila jicho la afisa. Tunaomba kaunti iisimamie, na hapa chini tunaeleza sababu zetu.

Vijana wengi wa Nakuru hawajawahi kusimuliwa habari za tetemeko la Subukia. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928, ardhi ilipasuka chini ya ukuta wa Laikipia kwa urefu wa karibu kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita 2 kuliko mwenzake. Ukubwa wa tetemeko lile ulikuwa 6.9, na ndilo kubwa zaidi lililowahi kupimwa ndani ya Kenya. Madhara kwa watu yalikuwa madogo, kwa sababu moja tu: nyumba zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa za miti, udongo na nyasi, ambazo hata zikianguka hazina uzito wa kuponda mtu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti hii. Mpasuko ule uko palepale. Kilichobadilika ni uzito tulioweka juu ya vichwa vyetu.

Bonde la Ufa linapanuka. Sehemu ya mashariki ya Afrika inajitenga na sehemu nyingine ya bara kwa milimita chache kila mwaka, na miamba huvumilia mvutano huo kwa mamia au maelfu ya miaka bila kusogea. Kisha inateleza kwa ghafla kwenye mpasuko wa zamani, na mvutano wote unatoka kwa sekunde chache. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Subukia, na hivyo ndivyo inavyoweza kuwa kwenye mipasuko mikubwa ya kando ya bonde, upande wa Bahati au upande wa Mau.

Kuna aina ya pili ya tetemeko, na hii inatuhusu zaidi sisi tunaoishi kwenye miguu ya mlima wa volkano wa Menengai. Visima kadhaa vya mvuke vilivyochimbwa ndani ya kasoko vilikutana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kwenye kina cha kilomita 2 na kidogo tu. Mwamba wenye joto kali namna hiyo haupasuki tena. Unavutika polepole kama lami ya barabara kwenye jua la mchana. Kwa hiyo tabaka gumu linaloweza kuvunjika na kuzaa tetemeko ni ganda jembamba la juu, na tetemeko likitokea linatokea karibu kabisa na misingi yetu. Magma ikijisukuma juu au pembeni inafungua nyufa. Maji ya moto yaliyomo ndani ya nyufa nayo yanazisukuma pande mbili za mpasuko zisikazane, na zinateleza kwa urahisi. Tuliona jambo hili kwa majirani mwaka 2007: mitetemo ilifululiza karibu na Ziwa Natron, Tanzania, ule mkubwa wa tarehe 17 Julai ukafika 5.9 na kusikika mpaka Nairobi, na Septemba mwaka huohuo volkano ya Oldoinyo Lengai ikaanza kulipuka kwa nguvu.

Tunasisitiza kina kwa sababu kila mtetemo unapotokea, viongozi na wanahabari huuliza swali moja: ulikuwa wa ukubwa gani? Swali hilo peke yake linapotosha. Tarehe 21 Agosti 2017, kisiwa cha volkano cha Ischia nchini Italia kilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 4 hivi. Tetemeko kama hilo likitokea kilomita 30 chini ya ardhi, watu wengi hawaamki usingizini. Lile lilikuwa kwenye kina cha kama kilomita 2. Nyumba za mawe za Casamicciola zilianguka na watu 2 wakafa. Mji huohuo ulikuwa umebomolewa mwaka 1883, na watu zaidi ya 2,000 walikufa. Desemba 2018, mlima Etna ulipolipuka, tetemeko la 4.9 lililotokea karibu na uso wa ardhi liliwaacha mamia ya watu bila makazi katika vijiji vya ubavuni mwa mlima. Ukubwa tuulize, sawa, lakini tuulize pia kina, na tuulize nyumba imekaa juu ya nini.

Nyumba za Nakuru zimekaa juu ya nini? Jina lenyewe linajibu: kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi, na vumbi hilo ni majivu ya volkano. Chota konzi ya udongo kutoka kwenye mtaro wa msingi Kiamunyi au Kaptembwo, uitie kwenye ndoo ya maji. Punje nyepesi zitaelea juu, maana ni mawe ya pumisi yaliyojaa vipovu vya hewa. Udongo huo ukiwa mkavu unasimama wima vizuri. Ndiyo maana mafundi huupenda, mtaro hauporomoki. Lakini mawimbi ya tetemeko yakitoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye tabaka laini kama hili, yanapunguza mwendo na kuongeza kimo. San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, nao uliojengwa juu ya majivu ya volkano, ulipoteza watu wapatao 1,500 kwa tetemeko la 5.7 tarehe 10 Oktoba 1986.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme tabaka laini lina unene wa mita 20, na mawimbi hupita ndani yake kwa mita 200 kila sekunde. Tabaka hilo litacheza mbele na nyuma mara moja kila sekunde 0.4. Jengo la ghorofa 4 la nguzo na kuta za mawe, nalo, kwa kawaida hucheza kwa muda unaokaribia huohuo. Ardhi na jengo zikicheza kwa mdundo mmoja, kila msukumo mpya unaongeza ule uliotangulia, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati wake barabara. Na ghorofa 4 au 5 bila lifti ndilo jengo la kupangisha linalojengwa kwa wingi kuliko yote hapa kwetu. Unene wa majivu unatofautiana mtaa hadi mtaa, kwa hiyo hesabu hii ibadilishwe kwa kila eneo baada ya kupima. Ndiyo sababu tunataka vipimo.

Karibu na ziwa tatizo linageuka. Ziwa Nakuru limepanda na kutanuka katika miaka kumi na zaidi iliyopita, na maji ya chini ya ardhi yamepanda nalo. Mchanga na majivu yaliyolegea, yakiwa yamejaa maji, yakitikiswa hugeuka uji kwa muda. Hapo nyumba inaweza isivunjike kabisa, ila ikazama upande mmoja, na mabomba ya maji na maji taka yakakatika yote kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye ile saa moja.

Shikeni ringi moja ya nguzo mkononi. Ni nondo ya milimita 8 iliyopindwa kuwa mraba, na kazi yake ni kuzishika nondo ndefu za nguzo zisitanuke. Angalieni pale ncha zake mbili zinapokutana. Katika mijengo mingi ncha hizo zimepindwa kwa pembe ya nyuzi 90, yaani zimelala sambamba na uso wa nguzo. Tetemeko likianza, ganda la nje la zege, lile la kama milimita 25 linalofunika vyuma, ndilo linalodondoka kwanza. Likishadondoka, ncha ya nyuzi 90 haina tena cha kuishikilia. Inafunguka kama geti lisilo na komeo, nondo ndefu zinatanuka nje kama mikunjo ya kikapu kilichokaliwa, na zege la ndani linamwagika. Ghorofa inashuka. Ncha ikipindwa kwa nyuzi 135, inaingia ndani ya kiini cha nguzo, na hata ganda likidondoka lote ringi inabaki imefungwa. Mkia wa ncha uwe mara 10 ya unene wa nondo, yaani milimita 80 kwa nondo ya milimita 8. Tofauti ya gharama ni sentimita chache za chuma kwa kila ringi, na kwa fundi ni kuusogeza mkono kidogo zaidi kwenye meza ya kupindia. Hakuna kitu kingine kwenye mjengo chenye faida kubwa namna hiyo kwa bei hiyo.

Jambo la pili ni nafasi. Fundi akiachwa peke yake hupanga ringi kwa umbali mmoja kutoka chini hadi juu, mara nyingi milimita 200 au zaidi. Nguzo haivunjiki katikati. Inavunjika karibu na sakafu na karibu na boriti. Kwenye sehemu hizo mbili, kwa urefu wa milimita 600 hivi kila upande, ringi zikaribiane kwa milimita 100. Katikati zinaweza kuachana.

La tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote: makutano ya nguzo na boriti. Mkaguzi akifika na kuchungulia pale, mara nyingi hatakuta ringi hata moja. Fundi hafanyi hivyo kwa uvivu. Nondo za boriti zikishalazwa kutoka pande zote nne, haiwezekani tena kuteremsha ringi nzima. Dawa yake ni utaratibu wa kazi: ringi za makutano, angalau 3, zivishwe kwenye nondo za nguzo kabla ya nondo za boriti kulazwa, zifungwe kwa waya juujuu, kisha zishushwe mahali pake. Au zipindwe vipande viwili vya umbo la U vinavyoingizwa kutoka pande mbili na kupishana. Mkaguzi anayejua hili atauliza swali moja tu, "Ringi za makutano ziko wapi?", na kuanzia siku hiyo fundi yule hatazisahau tena.

Kuhusu zege lenyewe tutasema machache, maana mengi yanajulikana. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Vijana wa mjengo huongeza maji ili zege liteleze kirahisi kati ya nondo zilizobanana, na kila lita ya ziada inaacha matundu maji yanapokauka. Zege limwagiliwe na lifunikwe kwa siku 7 angalau. Upepo wa mchana wa Nakuru hukausha slabu, yaani sakafu ya zege, kabla ya jioni. Mchanga upimwe kwa chupa. Jaza nusu ya chupa ya plastiki kwa mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, uache kwa saa 3. Tope laini litajipanga juu ya mchanga. Likizidi sehemu 1 kwa 12 ya kimo cha mchanga, lori lirudi lilikotoka. Na zikielea punje za pumisi kwa wingi, mchanga huo usitumike kwenye nguzo hata kama ni safi, kwa sababu punje hizo zenyewe ni dhaifu kuliko saruji inayozishika.

Jengo lenye maduka chini na vyumba vya kupangisha juu lina udhaifu wake. Juu kuna kuta kila mahali. Chini mbele ni wazi kwa ajili ya milango ya chuma ya kukunja. Ardhi ikienda kushoto, ghorofa zote za juu zinabaki kama sanduku moja gumu, na kusogea kote kunalazimishwa kutokea kwenye nguzo za chini peke yake. Nguzo hizo zikikosa ringi, ghorofa ya kwanza inageuka ya chini. Suluhisho si kupiga marufuku maduka. Ukuta wa zege lenye nondo uwekwe kuzunguka ngazi, na mwingine nyuma ya jengo, kutoka msingi hadi paa bila kukatika. Wenye majengo yaliyokwisha kusimama wanaweza kuongeza kuta hizo kwa usimamizi wa mhandisi. Kinachotusikitisha ni mwenye ploti aliyepata kibali cha ghorofa 3 kisha akaongeza ya 4 na ya 5 juu ya msingi uleule, na juu kabisa akasimamisha tangi la lita 10,000. Hizo ni tani 10 zinazoyumba juu ya kibanda cha vyuma ambacho mara nyingi kimeshikiliwa na misumari.

Nyumba ya mawe ya ghorofa moja, ambayo ndiyo makao ya watu wengi zaidi, inahitaji kufungwa kama mzigo. Utepe wa chuma ulazwe kila baada ya safu mbili za mawe, na mishono yote ijazwe, ile ya kusimama pamoja na ile ya kulala. Juu ya milango na madirisha upite mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima, wenye nondo 4 za milimita 12 na ringi kila milimita 200. Linta fupi juu ya kila dirisha peke yake haitoshi. Kwenye kona, nondo za mkanda zipinde na kuendelea upande wa pili kwa milimita 600. Nondo inayoishia konani inaziacha kuta mbili zifunguke kama kitabu, na paa likose pa kukaa. Bukoba, nchini Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, ilitikiswa na tetemeko la 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, lenye kina cha kama kilomita 40. Pamoja na kina hicho chote, mamia ya nyumba zilianguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Rusizi, nchini Rwanda, tetemeko la Februari 2008 liliangusha kanisa na kuua waumini waliokuwa ndani.

Kanisa na darasa vinafanana kwa jambo moja: ukumbi mrefu usio na kuta za kati, na mwishoni ukuta wa pembetatu unaopanda kushika paa. Pembetatu ile ya mawe haijashikwa na kitu juu. Ndiyo ya kwanza kuanguka, na huanguka nje, juu ya mlango, mahali hasa ambapo watoto wanakimbilia. Iondolewe, mabati yawekwe badala yake kwenye fremu ya mbao. Fundi mmoja na msaidizi wake wanaimaliza kwa siku chache.

Hayo yote yanahusu jengo. Kuna mahali ambapo hakuna jengo litakalosalimika hata likifungwa namna gani, nako ni juu ya mpasuko wenyewe. Managua, mji mkuu wa Nikaragua, ulibomolewa na tetemeko mwaka 1931. Ukajengwa tena palepale. Usiku wa tarehe 23 Desemba 1972 mipasuko inayopita chini ya mji iliteleza tena, kwa ukubwa wa 6.3 tu, na maelfu ya watu wakafa. Hospitali kubwa hazikuweza kutumika, na kituo cha zimamoto kiliangukia magari yake yenyewe, moto ukala katikati ya mji. Baada ya hapo ndipo mipasuko ilipochorwa kwenye ramani za mji, na eneo kubwa la katikati likaachwa wazi. Katika jimbo la California, sheria iliyotungwa mwaka huohuo wa 1972 inamtaka mwenye ardhi karibu na mpasuko hai achimbe mtaro wa uchunguzi kabla ya kujenga, na kwa kawaida nyumba hukaa mita 15 au zaidi kutoka kwenye mpasuko.

Hapa kwetu ufa ukifunguka wakati wa mvua za masika, hujazwa vifusi, hupandwa nyasi, na ploti huuzwa. Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatika karibu na Suswa, mabishano yalikuwa kama bara la Afrika linapasuka au ni maji yaliyobeba majivu kutoka chini. Kwa mtu anayetoa kibali cha ujenzi, jibu la vitendo ni lilelile: mahali pale pana udhaifu, maji yamepata njia, pasijengwe juu yake, na maji ya paa wala ya choo yasielekezwe pale. Shimo la maji taka lililochimbwa kwenye majivu karibu na ufa linaupanua ufa kila siku. Nyufa za namna hiyo ziandikwe zinapoonekana, kwa vipimo vya GPS, kabla wenye ploti hawajazifukia.

Tungeomba ofisi ya ardhi iwe na ramani moja, yenye kipimo kinachoonyesha kila ploti, iliyochorwa mipasuko, nyufa zilizowahi kufunguka, unene wa majivu, na maeneo yenye maji ya juu karibu na ziwa. Sehemu kubwa ya taarifa hizo imekwisha kukusanywa. Watafuta mvuke wa Menengai, Olkaria na Eburru wamepima mipasuko na mitetemo midogo kwa miaka mingi, na vyuo vikuu vyetu vina wanajiolojia. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti uwezo wa kutoa kibali, kukinyima, au kukitoa kwa masharti. Sharti likiwa ni ukurasa mmoja wa ramani uliobandikwa kwenye kibali, mnunuzi wa ploti ataona kabla hajalipa.

Kuhusu mabwawa tunasema kwa masikitiko. Bwawa la Solai lilipasuka tarehe 9 Mei 2018 kwa mvua, bila tetemeko lolote, na watu zaidi ya 40 wakafa. Bonde lile haliko mbali na mpasuko wa mwaka 1928. Kila bwawa la udongo kati ya Solai, Subukia na Bahati lipimwe: mteremko wa tuta, mahali maji yanapopenya, na kama njia ya kumwaga maji ya ziada iko wazi. Tuta lililolowa likitikiswa linapungua kimo, na maji yakishapita juu ya tuta la udongo hayarudi. Mabwawa yasiyo na mwenye kuyatunza yapunguzwe maji kabla ya masika.

Maji ya mji yanakuja kwa mabomba marefu kutoka Turasha na kwenye visima kama vya Kabatini na Baharini. Palipo na mpasuko, bomba gumu lililozikwa hukatika kama muwa. Ziwekwe pale bomba za plastiki nene zinazopindika, na vali ya kufunga kila upande, ili fundi afunge sehemu moja bila kukausha mji mzima. Jengo la zimamoto na wodi za hospitali kuu zikaguliwe kabla ya soko au ofisi yoyote. Magari ya zimamoto yasilale chini ya slabu ambayo hakuna anayejua ina nondo gani. Kwa sasa banda la mabati linatosha.

Sasa ombi lenyewe, kwa utaratibu wake. Kibali cha ujenzi kibaki kama kilivyo, lakini kiongezwe kibali cha kumwaga zege, kinachotolewa hatua kwa hatua: msingi, nguzo za chini, kisha kila slabu. Mjenzi apige simu saa 48 kabla. Mkaguzi aje na futi, apime nafasi za ringi juu na chini ya nguzo 3 atakazozichagua mwenyewe, aangalie ncha za nyuzi 135, ahesabu ringi za makutano, apime mchanga kwa chupa, apige picha 6 zenye namba ya ploti, na kutia sahihi. Nguzo zisimwagwe bila sahihi hiyo. Tunajua wakaguzi wa kaunti hawatoshi. Basi orodha ya wahandisi waliosajiliwa itengenezwe, waende kwa zamu, na walipwe kutoka kwenye ada ya kibali, wala si na mwenye mjengo, kwa maana anayemlipa mkaguzi ndiye anayemchagua. Kanuni mpya ya majengo ya 2024 imekwisha kuanza kutumika, na Bonde la Ufa lilitajwa kuwa eneo la hatari kubwa tangu kanuni za matetemeko za 1973. Hakuna haja ya kusubiri sheria nyingine.

Mafundi wafundishwe pia, na wafundishwe kwenye mjengo, nondo zikiwa mkononi. Fundi akionyeshwa ringi mbili, ya nyuzi 90 na ya nyuzi 135, akaivuta kila moja kwa kamba na kuona ile ya kwanza ikifunguka, hahitaji hotuba.

Mkiwa na pesa za kuanzia mahali pamoja tu mwaka huu, anzeni na madarasa ya shule za umma za Subukia, Solai na Bahati: zile pembetatu za mawe juu ya milango, na mkanda wa zege kwenye kuta zisizokuwa nao. Tuko tayari kutembea na wakaguzi wenu shule baada ya shule, bila malipo, tukiwa na futi, ngazi na orodha ya ukurasa mmoja, siku mtakayoipanga.

Wenu katika kazi,

Wahandisi, wanajiolojia na mafundi wa ujenzi wa Nakuru